Kadi ya Sauti ya Shangazi Sylvi

Lehtovaara, 23 Agosti 1998

Tuomo mwanangu,

Sisi wazima, na wewe uwe mzima. Viazi vimetoka vizuri mwaka huu. Baba yako hajambo isipokuwa mgongo, na amenikataza nisikutajie habari za mgongo, kwa hiyo sijakutajia. Mbwa wake mpya ni mjinga kuliko yule wa zamani. Jana alimbwekea mchungaji wa kanisa letu mpaka maskini akainywea kahawa yake nje, amesimama kwenye ngazi, na baba yako akasema mbwa ana haki ya kujua nani anaingia.

Sasa kompyuta. Tangu uniletee wakati wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, imekuwa na adabu. Naiwasha, inaandika mistari mingi ya ule mfumo wako huru, Linux hii na Linux ile, kisha inanipa ukurasa wa nota. Nimeshapanga upya karibu nyimbo zote za ile jioni ya nyimbo za Krismasi ya katikati ya Desemba kwa sauti nne. Lakini uliniahidi kwamba nikibonyeza pale pa kucheza nitazisikia sauti zote nne zikiimba. Nabonyeza. Nota zinatembea ukurasani kama sisimizi, na masikioni kimya. Nimekagua nyaya, nimekagua zile spika za masikioni ulizoniachia. Hakuna kitu.

Mwaka huu nataka kusikia kabla sijawapa wanakwaya karatasi. Jioni ile kanisa hujaa, hata wale wasioonekana mwaka mzima huja, na kantori, mwongoza kwaya, ni mimi. Kwaya ikiharibu, nimeharibu mimi. Zamani nilitegemea kichwa changu na piano. Siku hizi nataka uhakika, basi.

Usinipigie simu, laini yetu ina kelele. Niandikie.

Shangazi yako,
Sylvi

*

Espoo, 4 Septemba 1998

Mpendwa Shangazi,

Nimefurahi kupata barua yako, na mwambie Baba kwamba sijasikia chochote kuhusu mgongo wake. Mimi ni mzima. Chuo kimefunguliwa, naishi na Antero yule yule, na anapika uji ule ule. Nimepata kibarua cha jioni, mambo ya kompyuta tu, hakuna la kusimulia.

Kosa la kimya ni langu kwa sababu nilikuwekea kadi ya sauti ya bei rahisi. Kadi yoyote inahitaji kiendeshi, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuzungumza na kadi. Waliotengeneza kadi yako wanakataa kueleza inavyofanya kazi ndani, kwa hiyo wanaojitolea kuandika viendeshi vya bure wanapapasa gizani. Watafika, lakini si kabla ya Krismasi, sitaki kukudanganya.

Kuna kiendeshi cha kununua. Kampuni moja huku kwetu inakiuza, na kadi yako imo kwenye orodha yao. Sikushauri. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, umefungwa, hakuna anayeruhusiwa kuutazama. Unakumbuka nilivyokueleza: ni kuuziwa supu na kukatazwa kuuliza ndani kuna nini. Mashine yako yote ni huru, Shangazi, kila kipande. Ingekuwa huzuni kuichafua kwa ajili ya sauti.

Subiri kidogo. Salimia wote.

Tuomo

*

Lehtovaara, 20 Septemba 1998

Tuomo,

Salamu zako zimefika, nami nimezigawa. Tumechuma puolukka, yale matunda mekundu ya msituni, ndoo kwa ndoo, mgongo wangu sasa uko kama wa baba yako, ambao hatuuzungumzii.

Sikusubiri. Nimeimba na kwaya hii tangu hujazaliwa na sijawahi kuona wimbo uliochafuka kwa ajili ya sauti. Nilipanda basi hadi maktaba ya Kajaani. Kijana wa pale mwenye nywele ndefu akanivutia kiendeshi hicho kutoka kwenye mtandao akaniwekea kwenye disketi, toleo la kuonja.

"Mama, ni kwa ajili ya mjukuu?" akaniuliza.

"Ni kwa ajili yangu."

"Kwenye Linux?"

"Kwani wewe unatumia nini?"

Akataja ile nyingine, ya madirisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri dhambi. Nikamwambia asijali, bado ana umri wa kubadilika.

Nimefuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno. Nimeingia kama root, yule mwenye mamlaka yote ya mashine, nimeandika amri zao. Kiendeshi kimeingia, kimeitambua kadi kwa jina, halafu kikaniambia kadi inatumiwa na mwingine. Nani huyo mwingine? Nyumba hii naishi peke yangu.

Niambie la kufanya, na usinihubirie. Nimehubiriwa vya kutosha, tena na watu wenye leseni.

Sylvi

*

Espoo, 5 Oktoba 1998

Shangazi mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikaa na barua yako siku kadhaa kwa aibu, kwa sababu huyo mwingine ni mimi.

Kiini cha Linux kilichomo kwenye mashine yako, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza mengine yote, nilikijenga kwa mkono wangu. Ningeweza kukuwekea kilichokuja tayari kwenye diski, lakini ungemwona wapi mtu wa kundi letu la programu huru akimpa shangazi yake kiini cha dukani? Nikakaa nacho usiku kucha, na kwa majivuno yangu nikakikandia humo humo sehemu ya sauti, isiyotoka wala kuzimika. Haijui kuitumia kadi yako, lakini inaikalia. Kiendeshi cha kununua kikija kinakuta kiti kina mtu.

Disketi hii ina kiini kipya kisicho na sehemu hiyo. Maelekezo yamo kwenye karatasi ya njano. Ukishamaliza, ondoa kiendeshi chao, kiweke upya, na kwenye ukurasa wa tatu wa mipangilio yake chagua mstari wa pili, si wa kwanza, hata kama wa kwanza ndio umewekewa alama. Wamekosea hapo, watarekebisha. Toleo la kuonja hukata sauti baada ya muda, usidhani umeharibu.

Sikuhubiri. Unaona?

Tuomo

*

Lehtovaara, 18 Oktoba 1998

Tuomo mwanangu,

Huku hirvi, wale kulungu wakubwa wa msituni, wameanza kuwindwa. Baba yako anaondoka kabla hakujapambazuka na kundi lake, wote wamevaa kofia nyekundu ili wasipigane risasi, na mpaka sasa wamekamata homa tu.

Imeimba! Alasiri ya Jumanne, baada ya kiini chako na mstari wako wa pili, nilibonyeza na soprano wakaingia, na tenori wakawafuata, nikalia hapo hapo kwenye kiti. Hakuna aliyeniona. Halafu toleo la kuonja likanikatia katikati ya ubeti, nikasema neno ambalo kantori hasemi. Nimekwisha kununua, leseni imekuja kwa posta, sasa inaimba mpaka mwisho.

Tatizo limebaki moja. Inatoka upande wa kushoto tu. Alto na besi nimewaweka kulia, nao sikuwasikia kabisa. Wamo kwenye karatasi, nawaona, lakini hawaimbi. Nilihamisha nyaya, nilipandisha sauti mpaka kushoto kukaniuma. Kulia hakuna.

Bila besi sijui nina nini mkononi. Mazoezi ya kwanza ya nyimbo za Krismasi ni mwezi ujao.

Umejuaje kwamba wamekosea ukurasa wa tatu?

Sylvi

*

Espoo, 26 Oktoba 1998

Shangazi,

Haraka tu, nina mtihani. Inawezekana kabisa ni kiendeshi. Kwenye kadi za aina yako upande mmoja huweza kubaki umefungwa. Lakini kwanza tuiondoe shaka moja. Zivue spika za masikioni, zigeuze, ya kulia ivaliwe kushoto na ya kushoto ivaliwe kulia, kisha cheza wimbo ule ule. Niandikie unasikia nini na kwa sikio lipi. Ni jambo la dakika moja.

Natamani mkate wako wa iliki. Antero anasema naongea habari zake usingizini.

Tuomo

*

Lehtovaara, 8 Novemba 1998

Tuomo mwanangu,

Theluji imelala, na safari hii nadhani haiondoki. Kundi la baba yako hatimaye limepata hirvi, dume kubwa, na fungu letu limejaza jokofu. Mbwa yule mjinga ndiye aliyemtoa msituni, kwa hiyo sasa ni mwerevu na analala jikoni. Mke wa mchungaji amejifungua mtoto wa kike, ukuta kati ya nyumba yangu na yao ni mwembamba na mtoto ana mapafu. Nimekutumia mkate wa iliki kwenye kifurushi, mpe na Antero ili anyamaze.

Kwaya imeanza mazoezi ya Krismasi. Marketta wa alto anawashika wenzake vizuri. Besi ni besi.

Kuhusu spika za masikioni, sijapata nafasi.

Sylvi

*

Espoo, 15 Novemba 1998

Shangazi,

Mkate umefika na umekwisha, asante sana.

Shangazi, nahitaji jibu lako. Watengenezaji wa kiendeshi wamepelekewa habari ya upande wa kulia. Wametafuta kadi kama yako, wameifungua, mtu mmoja ameacha kazi zake nyingine zote ili aitafute hiyo hitilafu, na toleo jipya lililokuwa litoke limezuiwa mpaka ipatikane. Hawaoni kitu. Kwao pande zote mbili zinaimba. Wanakaribia kuliandika upya eneo zima.

Ulizigeuza? Umeniambia habari za mbwa, za hirvi, hata za mapafu ya mtoto wa mchungaji. Na kwa nini nisikupigie simu? Baba anasema laini yenu haina kelele yoyote.

Tuomo

*

Lehtovaara, 20 Novemba 1998

Tuomo,

Waambie hao watu waache kutafuta.

Nilizigeuza siku ile ile barua yako ilipofika. Soprano na tenori wakapotea, alto na besi wakaja kushoto, wazima, wakiimba kila nota niliyowaandikia. Mashine yako haina ubaya, na kiendeshi hakina ubaya. Sikio langu la kulia limekufa.

Lilikufa kabla ya Pasaka, asubuhi, nikipiga mswaki. Nilisikia mlio, kisha hakukuwa na mlio, kisha hakukuwa na kitu. Niliona litafunguka. Nilipokwenda hatimaye kwa daktari alisema, "Ungekuja siku ile ile tungejaribu. Sasa halirudi."

"Kwa hiyo?" nikamwuliza.

"Kwa hiyo tunza hilo jingine."

Sijamwambia mtu, hata baba yako. Chumbani na kanisani sikio la kushoto huokota chochote linachoweza kutoka pande zote, ndiyo maana nimejificha vizuri. Simu nilizoea kuisikiliza kwa kulia, na nikiishika kushoto baba yako, anayekuja kukusikiliza kila unapopiga, angeona. Spika za masikioni ndizo zilizonivua nguo. Ulipoandika kwamba huenda ni kiendeshi, nilifurahi kupita kiasi, Tuomo. Nilitaka sana iwe ni kiendeshi.

Kantori mwenye sikio moja, utamwita nani? Wakijua, watampa mtu kwaya yangu kwa maneno matamu na maua. Nimeogopa hilo tangu Pasaka na bado naliogopa. Kwa sasa nasikiliza nusu, nageuza spika, nasikiliza nusu nyingine. Lakini nusu mbili si wimbo. Spika za mezani sithubutu, na mtoto yule upande wa pili.

Ila siwezi kumwacha mtu nisiyemjua avunje kichwa chake akitafuta kosa lililomo ndani ya kichwa changu. Mwambie samahani.

Sylvi

*

Espoo, 28 Novemba 1998

Shangazi yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba, na koti sikulivua mpaka nilipomaliza. Nakupenda, Shangazi. Nimeona niandike hilo kwanza kwa sababu nyumbani kwetu halisemwi.

Na mimi nina la kusema. Yule mtu aliyekuwa akivunja kichwa ni mimi. Kibarua changu ni kwenye kampuni hiyo hiyo ya kiendeshi. Niliajiriwa Agosti, na siku niliyokuandikia kwamba usiichafue mashine nilikuwa nimeandika upya ukurasa wao wa tatu, ule wenye kosa. Antero na kundi letu hawajui. Nawaambia nafundisha hesabu.

Jumatatu nilikwenda kwa bosi wetu, Hilkka. Jina lako sikulitaja.

"Kosa la upande wa kulia limepatikana," nikamwambia.

"Liko wapi?"

"Ni sikio la shangazi yangu."

Akauliza, "Tunaweza kurekebisha?"

"Sikio hapana. Lakini kiendeshi kinaweza kuchanganya pande zote mbili na kuzitoa zote pande zote. Ni mistari michache."

"Basi iandike leo. Na isiwe kwa shangazi yako peke yake, watakuwepo wengine ambao hawajatuambia." Kisha akasema, "Na hiyo homa ya wiki mbili uliyotutia, utainunulia idara nzima kahawa."

Disketi ni hii. Ukikiweka kiendeshi kilichomo, utaona mstari mpya kwenye mipangilio, umeandikwa "zote pamoja". Uwashe.

Bado naamini nilichokuambia Juhannus. Kama msimbo huu ungekuwa wazi, hata yule kijana wa maktaba angekufanyia jambo hili. Kwa kuwa umefungwa, ulihitaji kuwa na mpwa ndani ya chumba. Hilo si jambo la haki. Lakini sasa nimo ndani ya chumba, na nimefurahi kuwamo.

Wako,
Tuomo

*

Lehtovaara, 6 Desemba 1998

Tuomo mwanangu,

Leo ni siku ya uhuru, nimewasha mishumaa miwili dirishani na baba yako amekuja kula ili asiangalie televisheni peke yake. Nimemwambia habari za sikio. Akaendelea kutafuna, kisha akainuka, akachukua kiti chake, akakihamishia upande wangu wa kushoto.

Kumbe mwalimu wangu wa uhuru anauza supu! Nimecheka mpaka machozi. Lakini waambie kundi lako, Tuomo. Mwalimu wa hesabu huwezi kuwa, kodi yako ya nyumba huijumlishi sawa mwezi hata mmoja.

Niliwasha mstari wako. Wote wanne waliingia kwa pamoja kwenye sikio langu moja. Besi walikuwa chini pale pale nilipowaandikia, na juu yao alto, na kila mtu alikuwepo. Nilicheza wimbo mmoja jioni nzima. Sijui nikushukuru vipi, basi pokea asante hii ilivyo.

Ila mashine yako imenifanyia jambo jingine ambalo sikuliomba. Kesho yake nilikwenda mazoezini, nikainua mkono, wakaanza, na nikasikia tofauti. Tangu Pasaka nilikuwa nimezoea kile ninachopata, nikidhani ndicho kilichopo. Sasa najua wimbo mzima unavyolia, na najua kwamba nikisimama mbele yao naupata nusu tu. Besi walipotea mahali fulani, niliona kwenye uso wa Marketta, masikioni kwangu hapakuwa na kitu.

Nikawasimamisha. Nikawaambia, "Sikio langu la kulia limekufa tangu Pasaka. Nilipaswa kuwaambia."

Taisto wa besi, yule wa duka la mbao, akasema, "Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Tunajua. Tangu Pasaka. Sisi tulihamia kushoto, Kantori, hukuona?"

"Na mbona hamkusema?"

"Hukuuliza."

Nilitaka kumrushia kitabu cha nyimbo. Miezi yote ile mimi najificha, nao wananificha, tumekaa kimya chumba kizima kama watu waliovunja dirisha.

Basi nimeamua. Nyimbo nitaandika mimi, kwa mashine yako. Jumapili ijayo, jioni ya nyimbo, Marketta ndiye atakayesimama mbele. Ana masikio mawili na wanamwogopa kidogo. Nimemwambia mchungaji kabla hajaniambia yeye, na maua nimemkataza. Usinihurumie. Imeniuma, nimelia, na leo nimekula vizuri.

Sylvi

*

Lehtovaara, 14 Desemba 1998

Tuomo mwanangu,

Baridi imekuwa kali na gari la baba yako limegoma, lakini tu wazima. Nakuandikia asubuhi hii kabla sijafanya jambo jingine.

Jana jioni kanisa lilijaa mpaka nyuma. Mimi nilikaa kwenye benchi, na watu, katikati, baba yako kulia kwangu, ili kushoto kubaki wazi. Sikujua niweke mikono wapi. Marketta akasimama mahali pangu. Nilimchukia, nakuambia ukweli, mpaka alipogeuka kunitafuta kwa macho kabla hajainua mkono, nikaacha.

Wakaimba. Niligeuza kichwa kidogo, kushoto kukaelekea kwao.

Tuomo, maisha yangu yote nimewasikia nikiwa nimesimama puani kwao. Kutoka pale unasikia pumzi, unasikia nani kachelewa, nani ana mafua, nani hakufungua kitabu nyumbani. Nasikia makosa, ndiyo kazi yangu, na nimewagombeza kila Jumatano kwa ajili yake. Sikuwahi hata mara moja kukaa pale wanapokaa watu. Kule kwenye mabenchi sauti zinakuwa zimeshaungana njiani. Bibi mmoja mbele yangu alivua kofia ili asikie vizuri. Kwa sikio moja, lililoganda kwa baridi, nilisikia kwamba kwaya yangu ni nzuri, na kwamba ilikuwa nzuri miaka yote, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Baadaye niliwafuata kwenye chumba cha nyuma wakiwa wanavaa makoti. Nikasema, "Mnaimba vizuri sana."

Taisto alifunga vifungo vya koti lake mpaka juu, kisha akavifungua vyote. Marketta akageukia ukuta. Mwishowe Taisto akasema, akiwa anatazama sakafu, "Kantori, mke wangu alikufa akiwa analingoja neno hilo. Aliimba alto yako miaka kumi na tisa."

Nikaketi kwenye sanduku la vitabu. Nao wakaketi, na makoti yao, na hakuna aliyekwenda nyumbani kwa muda mrefu.

Shangazi yako,
Sylvi